Kiangazi cha Madam Konsolata

Ujumbe wa Marwa ulinikuta jikoni napepeta mchele, na kabla sijafika mwisho wake nilikuwa nimeshaudharau. Madam Konsolata amefariki, aliandika, mama wa wasomi wa Tarime, taa iliyotuangazia, na kila aliyepita sebuleni kwake atume aya moja ya kumkumbuka ili ichapwe kwenye kijitabu cha mazishi. Chini yake wenzetu wa zamani kwenye kundi la simu walishaanza kumimina rambirambi. Pumzika mama. Umeacha pengo. Bila wewe nisingekuwa hapa nilipo. Nilisoma jina moja baada ya jingine, na wengine nawajua hawakumaliza hata mwezi pale sebuleni. Mmoja wao alikuwa akisinzia tangu salamu hadi sala ya kufunga. Kisha Marwa akaongeza kwamba tusisahau jinsi Madam alivyosimama kidete kumwokoa yule binti wa Susuni asiozeshwe. Hapo niliweka ungo chini. Najua aliyekufa ni binadamu, ana watoto, na huko msibani watu wanakuna nazi na kuosha sufuria kama kwenye msiba wowote. Ilinipasa kusikitika. Kilichonipanda ni dharau, ile ile ya ujana wangu, na nilishangaa kuikuta bado ina moto. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi hapa Mugumu, nimesahihisha insha hadi macho yameomba miwani, na sijawahi kuona uongo mwingi kiasi hicho ukiandikwa kwa tahajia mbaya kiasi hicho. Sikutuma aya. Aya moja haimtoshi Madam Konsolata.

Mwaka niliomjua Madam nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalitoka, nikawa nimepata ya kutosha kuendelea na kidato cha tano, haiskuli kama tulivyopenda kutamka kwa kujivuna, na kazi iliyobaki ilikuwa kungoja nafasi zitangazwe. Nilikaa Nkende, pale Tarime, kwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa na saluni ya kusuka mbele na chumba kimoja nyuma, na katikati pazia la kitenge. Nyuma ya pazia nililala, nilipika na kusoma. Mbele yake ndiko nilikoelimika. Mwanamke anayesukwa husema kila kitu kwa sababu haoni sura ya anayemsikiliza. Kikurya, Kijaluo na Kiswahili vilipishana kwenye sentensi moja, nami nikiwa nasonga ugali wa muhogo na mtama nilijua nani amekimbia kwa mumewe, nani amerudishwa, na ng'ombe wa nani wamekataliwa kwa kuwa mmoja ana jicho bovu. Dada alikuwa mtu wa maneno machache. Mikono yake iliendelea kusuka, na mara moja moja aliuliza swali fupi, "Na mama yake alisemaje?" na habari nzima ikafunguka upya. Hadi leo darasani nikitaka mwanafunzi aniambie ukweli, natumia swali la dada yangu. Sijawahi kutumia hata moja la Madam Konsolata.

Yeye alikuwa afisa wa elimu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na hakutusamehe kwa kuletwa kwetu. Walimu na wauguzi wengi waliletwa hivyo hivyo, wakazoea, wakajifunza kusalimia kwa Kikurya sokoni, wengine wakajenga. Madam hakuzoea. Alikuwa na namna ya kushika pua kwa vidole viwili akipita mahali pa dagaa, polepole, ili muuzaji aone. Basi alianzisha kile alichokiita Programu ya Usomaji na Shajara kwa Wanaongojea Kidato cha Tano, akatangaza kanisani, na dada akaniambia, "Nenda. Pengine kuna mkate." Mkate ulikuwepo, ila haukuwa wetu. Kila Jumamosi tulivua viatu barazani, tukaingia sebuleni kwake na kukaa juu ya mkeka kando ya makochi, kwa sababu makochi yalivishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, nasi, alisema, tulikuwa na tope. Mbele yetu palikuwa na kabati la vioo lenye vitabu vilivyopangwa kwa urefu, kutoka kirefu hadi kifupi, na ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Sikuwahi kuona lile kabati likifunguliwa. Yeye alikaa kwenye kochi la mtu mmoja na chupa ya chai pembeni, akipaka siagi kwenye mkate hadi kwenye kingo, akitafuna, na kutufundisha kutamka herufi ya l. Sisi Wakurya l hutugeuka r bila kuombwa, na jambo hilo lilimuumiza kuliko njaa yetu. "Sema, nimelala." Nimerara, tukasema. "Nimelala." Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Alituambia kwamba huko haiskuli tutakwenda kuonekana washamba, na yeye ndiye aliyesimama kati yetu na aibu hiyo.

Vitabu tulivyosoma havikutoka kabatini. Vilitoka kwenye katoni moja iliyoletwa na wafadhili fulani wa ng'ambo, na ni wazi kwamba huko vilikotoka watu walikuwa wakisafisha stoo. Vilikuwa vya Kiingereza. Mimi nilipewa kitabu cha kufundisha kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili. Mwingine alipata cha kutunza panya wa kufugwa, namna ya kumwogesha na kumtengenezea kigurudumu cha kukimbilia, na aliposimulia yaliyomo wenzake hawakumwamini, wakadhani Kiingereza chake ndicho kibovu. Ndani ya katoni kulikuwa pia na karatasi za maswali ya kuandikia shajara wakati wa kiangazi, na Madam aliyatafsiri yalivyo, bila kuinua macho kuangalia dirishani. Jua la kiangazi linakufanya ujisikie vipi? Ulipokwenda ufukweni ulimkumbuka nani? Ilikuwa masika. Mvua ilinyesha kwenye bati mpaka ikambidi apige kelele kuuliza habari za jua. Watoto wa Susuni walifika wamepandisha sketi hadi magotini, miguu myekundu kwa udongo, wakaandika jinsi mchanga wa ufukweni ulivyo laini. Na tusiseme dayari. Alipoteza Jumamosi nzima kutukataza kusema dayari. Neno ni shajara, alisema, neno la wasomi, na kila jioni msomi huketi na shajara yake na kuandika mambo mazuri. Kulikuwa na kijana wa Nyakunguru, mpole, aliyeandika jinsi anavyochekecha mchanga wa dhahabu na kaka zake siku za kazi na jinsi kucha zake zilivyobadilika rangi. Madam alipiga mstari mwekundu ukurasa mzima, akaandika pembeni, "Hii ni kazi, si shajara." Wiki mbili baadaye yule kijana aliacha kuja. Madam alisema amekosa nidhamu ya kusoma.

Marwa yeye aliielewa programu tangu siku ya kwanza. Alitoka Sirari, karibu kabisa na mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa pili, niko na kitabu, kitabu ya nani, mambo ambayo kwa mwingine yangempandisha Madam presha. Lakini Marwa aliandika kwamba asubuhi aliamka, akapiga mswaki, akamshukuru Mungu, akanywa chai na soseji mbili na yai, kisha akaketi bustanini kusikiliza ndege. Tulijua kwao. Mama yake alikaanga mandazi kibandani, na bustani pekee ya pale ilikuwa migomba ya jirani iliyokatazwa kuguswa. Madam alimpa alama zote. "Mnaona?" akatuambia, "Huyu ana macho." Kuanzia hapo soseji zikaenea. Jumamosi iliyofuata karibu kila mtu alikuwa amekula soseji, na mmoja alikula soseji kwa ugali, ndipo Madam akamwambia ajifunze kupanga vyakula. Siku ile ujumbe wa Marwa ulipofika nilimpigia simu yule binti wa Susuni anayedaiwa kuokolewa. Jina lake ni Ghati, ni bibi shamba huku huku Serengeti, na nilimkuta yuko kwenye shamba la mtu anakagua mahindi. Nikamsomea ile habari ya kusimama kidete. Nikasikia majani yakisuguana na simu. "Mwache Marwa," akasema. "Tangu zamani huyo anaandika soseji."

Ghati hakuandika soseji. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti nzito kwa umri wake, anayetembea kana kwamba kila mara yuko mlimani. Alikuja Jumamosi tu. Siku nyingine alikuwa kwao Susuni akipalilia. Akitoka kwa Madam alipita saluni, tukala naye nyuma ya pazia, dagaa na nyanya, wakati mwingine maziwa ya mgando aliyobeba kwenye chupa, na alikula kwa haraka na kwa adabu, akiuliza maswali kuhusu masomo ya kidato cha tano kana kwamba ni nchi ambayo keshakata tiketi yake. Alitaka sayansi. Alitaka kujua kwa nini mtama wa shamba moja huoza na wa shamba la pili hapana, wakati mvua ni ile ile. Katikati ya masika maswali yalipungua. Siku moja dada alimtazama akila, akamwuliza kwa lile swali lake, "Na mama yako anasemaje?" Ghati akajibu kwamba mama anasema mwanaume ana shamba zuri. Basi. Dada akarudi mbele kwa mteja, nami nikabaki nimeshika tonge. Jumamosi iliyofuata Madam alipouliza nani atasoma, Ghati alinyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alisimama juu ya mkeka akasoma bila kutetemeka. Wageni walikuja nyumbani, alisoma. Mama aliniambia nivae sketi ya shule ili waone kwamba nimesoma, halafu akaniambia nivue viatu ili waone miguu. Mmoja wao aliuliza kama ninapalilia haraka. Baba akamwambia kwamba mimi ni sawa na watu wawili. Niliona fahari kidogo, kisha nikaona aibu kwa ile fahari. Wakaenda kuangalia zizi, nami nikaosha vikombe vyao. Hapo alisimama. Mvua ilikuwa imepumzika, nikasikia Madam akimeza. Sote tuliokaa pale tulijua tumesikia nini. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Nusu ya wasichana walikuwa na dada aliyekwisha kuosha vikombe kama vile. Madam alifuta makombo ya mkate kwenye mapaja yake. "Sentensi ya aibu na fahari ni nzito mno," akasema. "Igawe. Na mandhari iko wapi? Sioni jua, sioni ndege, sioni upepo. Mtu anasoma haoni hata ni wakati gani wa siku." Ghati akasema ilikuwa saa nne asubuhi. "Basi andika, jua lilikuwa limechomoza kwa madaha," akasema Madam. "Na mama yako usimtaje hivyo. Shajara ni mambo mazuri." Kisha akamwita Marwa asome, ili tuondoe ladha hiyo mdomoni, na Marwa akasoma habari za bustani.

Nilibaki nyuma kuosha vikombe, kazi ambayo wasichana tulipewa kwa zamu kama sehemu ya elimu. Madam alikuwa akizungumza na jirani yake, mke wa afisa mwingine, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwa sababu ilikuwa haijamjia akilini kwamba sisi husikia. Alisema watoto wa huku ni wagumu lakini anawalainisha. Alisema siku ya kufunga atakuja mgeni rasmi kutoka wilayani, patakuwa na picha, na ripoti ikipanda na picha nzuri, basi uhamisho wake utapita na ataondoka kwenye tope hili. Jirani akamwuliza kuhusu yule mrefu aliyesoma, kwa kuwa alikuwa amesikia akiwa barazani. Madam akashusha pumzi. "Wanaozeshwa hao. Utafanyaje?" Nilikausha mikono kwenye sketi yangu nikatoka, nikapiga magoti kidogo kama tulivyofundishwa, nikasema, "Madam, samahani. Ghati hajui aende kwa nani. Wewe uko ofisini, ukisema neno watakusikia." Aliniangalia kama mtu anayeangalia kiti kilichozungumza. "Mwanangu," akasema kwa upole mkubwa, "mimi hapa ni mgeni. Mila za watu siziingilii." Huyu ni mtu aliyeingilia ulimi wetu, viatu vyetu, namna yetu ya kushika kijiko, aliyemkataza msichana mmoja kucheka kwa sababu anacheka kama mtu wa porini. Nilimwambia asante Madam. Nilikuwa na umri ambao mtu husema asante kwanza na kuelewa njiani, na njiani, kati ya nyumba yake na saluni, nilielewa. Dharau yangu ina mahali ilipozaliwa, naweza hata leo kukuonyesha.

Siku ya kufunga palisimamishwa turubai uani na viti vya kukodi, na yale makochi yakatolewa nje, vitambaa na vyote, kwa ajili ya mgeni rasmi. Wazazi walialikwa. Madam alitaka wazazi wa kutosha kwa picha, lakini si wa kukaa mbele. Baba yake Ghati alitoka Susuni na koti zito la kijivu, kofia mkononi, mzee mkubwa wa mwili aliyetembea kama bintiye, akasalimia kila mtu na kukaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti ni cha mtu. Alikuwa ameambiwa kwamba binti yake amechaguliwa kusoma mbele ya serikali. Ni kweli alichaguliwa, kwa sababu ya ile sauti. Madam alikuwa amemwandikia maneno kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mzuri wenye kichwa Kiangazi Changu Chenye Manufaa, na jua lilichomoza ndani yake mara tatu. Mimi nilimwona Ghati akiukunja ule ukurasa vizuri, pembe kwa pembe, na kuuweka mfukoni. Alishika kipaza sauti akasoma yale ya kwake. Sketi ya shule, viatu, watu wawili, vikombe. Alikuwa ameongeza. Sijaambiwa jina la mwanaume, alisoma, nimeambiwa rangi za ng'ombe. Nimechaguliwa nyumbani kabla sijachaguliwa shule. Nimefaulu hesabu na baiolojia, na baba yangu anajua, kwa sababu nilipomwambia alichinja jogoo, tukala naye, na mfupa wa paja alinipa mimi. Wale wageni walipokuja hakuwaambia habari za jogoo.

Sitasahau alivyomaliza. Hakusema asanteni kwa kunisikiliza. Alishusha daftari akamtazama baba yake, na baba yake akamtazama yeye, na uani pote, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, palikuwa na watu wawili tu. Halafu Madam akauchukua ule mkono wenye kipaza sauti, mkono na vyote, akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wakubwa. "Mheshimiwa," akasema, "huyu ndiye mtunzi wetu. Tumewafundisha pia kubuni. Hii ni hadithi ya kubuni." Mgeni rasmi, ambaye nadhani alikuwa ameanza kushtuka, alishukuru kuambiwa. Uso wake ulilegea. Akasema ana kipaji huyu, kweli ana kipaji, nimeona kabisa kama ni kitu kilichotokea. Akaanza kupiga makofi, na turubai zima likapiga: maofisa, walimu, majirani, Marwa akipiga kwa nguvu kuliko wote. Wakampa zawadi ya kwanza, chupa ya chai yenye maua ubavuni, wakampiga picha ameishika. Kisha wakala pilau. Nimefikiri sana kuhusu makofi yale. Kama wangemzomea, angalau wangekuwa wamemsikia. Watu waliosoma, wenye vyeo, wenye simu, wanaoweza kumwokoa mtoto kwa barua moja, walimpa chupa ya chai na kumrudisha nyumbani na mtu aliyekuwa anamwoza. Baba yake ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Hakugusa pilau. Alivaa kofia, akamwambia Ghati, "Twende," wakatoka wakifuatana, yeye mbele na koti lake, msichana nyuma na chupa.

Kilichomwokoa Ghati, kama neno ni kuokoa, ni kitu ambacho Madam hangeweza kukiweka kwenye ripoti. Pale kwenye viti vya nyuma alikaa mama mmoja aliyekuwa na undugu na wale waposaji, na kabla jua halijazama kijiji chao kizima kilijua kwamba wamesomwa kwa kipaza sauti, na miguu waliyoikagua, na ng'ombe wao, mbele ya mtu wa wilayani. Siku chache baadaye walifika Susuni kuwachukua ng'ombe waliokwisha kuwaleta. Ghati alikuwa amesimama jikoni kwa mama yake akasikia kila neno. Mkubwa wao hakugombana. Alisema kwa heshima kabisa kwamba kijana wao bado anataka mke, ila si anayeandika watu. "Leo ameandika tulivyomtazama," alisema. "Kesho ataandika tunavyokula." Wakaswaga ng'ombe wao wakaenda. Hakuna aliyemhurumia Ghati katika habari hiyo, hakuna aliyeona mwanga, hakuna mila iliyobadilika. Waliogopa tu, na woga wao ulikuwa na heshima zaidi ndani yake kuliko makofi ya turubai zima. Madam naye alipata alichokitaka. Uhamisho ulipita, na lori lilipokuja kuchukua makochi alituita tubebe. Akamwambia Ghati, mbele yangu, "Ukifika haiskuli endelea kubuni, una mkono. Ila usitumie watu halisi, wanaweza kuumia." Ghati akasema, "Sawa, Madam," akainua upande wake wa kochi.

Nafasi zilipotangazwa tulipangiwa shule tofauti. Mama yake na mjomba wake walihangaika kutafuta godoro na nauli. Baba yake hakutoa kitu, na tangu siku ile ya turubai hakuwa amezungumza na binti yake zaidi ya fungua, funga, lete. Nilikwenda Susuni kumsaidia kubeba sanduku hadi barabarani. Mvua zilikuwa zimekwisha, kiangazi chenyewe kimefika, na mzee alikuwa amekaa uani kwenye kigoda akipukuchua mahindi ndani ya gunia, punje zikiruka hadi miguuni mwangu. Nikamwambia shikamoo baba. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Ghati alikuwa ndani akimuaga mama yake. Nilisikia wakinong'ona na sanduku likifungwa. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono. Mzee alipukuchua gunzi, akalitupa, akachukua lingine, kisha akabaki amelishika.

"Wewe nawe unaandika? Kama huyu?"

Nikasema ndiyo, baba, tulifundishwa pamoja.

Aliangalia upande wa zizi, ambalo sasa lilikuwa na nafasi kubwa, kisha akaniangalia mimi usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Ghati.

"Basi andika," akasema, "kwamba sikumpiga. Watu wote walisema nitampiga. Siku ile, na wale walipochukua ng'ombe. Sikumpiga."

Ghati alikuwa ametokea mlangoni na sanduku kichwani. Nilimtazama kumwuliza, naye kwa kuwa hakuweza kuitikia kwa kichwa, akafumba macho mara moja na kuyafumbua, maana yake ni kweli. Mzee akarudi kwenye mahindi yake. Tukashika njia.

Hakumpiga. Nimeandika.